Somo la 8: Mwiba Usioondoka

SABATO MCHANA

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 12:9. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Maumivu ya juma moja huleta watu nyumbani. Mtu akivunjika mkono, majirani huja, shemasi huleta uji, na jina lake hutajwa katika maombi ya Jumatano. Lakini maumivu yanapotimiza mwaka mmoja, kisha miaka mitatu, watu hupungua mlangoni. Picha ya eksirei haionyeshi kitu. Dawa zimebadilishwa mara kadhaa. Mgonjwa amepakwa mafuta, watu wamefunga na kuomba kwa ajili yake, na bado mgongo unauma. Ndipo maneno ya chinichini huanza: anadeka, hana imani, labda ipo dhambi ambayo hajaitubu.

Wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Si jambo la watu wachache. Kwa maumivu ya mgongo wa chini peke yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa nayo mwaka 2020. Wengine wana maumivu ya kichwa, ya shingo, ya magoti, au ya mwili mzima. Wamo pia katika madarasa ya Shule ya Sabato, wameketi karibu na mlango ili wasimame kimya kimya wanaposhindwa kukaa.

Juma hili litaangalia mambo mawili: ubongo unafanya kazi gani katika maumivu ya namna hii, na Neno la Mungu linampa mgonjwa na kanisa lake njia gani ya kuyabeba.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Mlinzi Aliyewekwa na Mungu

Soma Zaburi 139:13-16. Mtunga zaburi anapoisifu kazi ya Mungu katika mwili, je, uwezo wa kuhisi maumivu nao umo katika sifa hiyo?

Wengi hudhani maumivu ni adui tu. Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza na mmishonari, alianza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, na akawahudumia wagonjwa wa ukoma. Wakati ule watu waliamini kwamba ukoma wenyewe huozesha vidole mpaka vikakatika. Brand alipochunguza mikono ya wagonjwa wake aliona jambo jingine. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, na mgonjwa hupoteza hisia. Hushika sufuria ya moto bila kushtuka. Hukanyaga msumari na kuendelea kutembea. Kidonda kisichouma hakitunzwi, na hivyo ndivyo mkono unavyopotea kidogo kidogo. Daktari huyo alifundisha mpaka uzeeni kwamba uwezo wa kuhisi maumivu ni zawadi, ingawa hakuna anayeitamani.

Katika ngozi, misuli na viungo ziko ncha za mishipa ya fahamu zinazotambua hatari: joto kali, mgandamizo, na kemikali zinazotoka penye jeraha. Ncha hizo hazitumi maumivu. Hutuma habari za hatari. Habari hizo hupitia uti wa mgongo hadi ubongoni, na ubongo huzipima pamoja na mambo mengine mengi: macho yanaona nini, mtu yuko wapi, jambo kama hili lilimtendea nini zamani. Ubongo ukiona kwamba mwili unahitaji kulindwa, mtu huhisi maumivu, naye huondoa mkono wake motoni.

Kwa hiyo maumivu yote, hata ya mguu uliovunjika, hukamilika ubongoni. Kusema hivyo si kusema kwamba ni ya kuwazika tu. Macho hupokea mwanga, lakini ubongo ndio unaoona. Wala hakuna anayesema kwamba kuona ni uongo.

*Ni lini maumivu yalikuokoa na madhara makubwa zaidi? Jambo hilo linakufundisha nini kuhusu uangalizi wa Muumba?*

JUMATATU
Nafsi Hai

Soma Mwanzo 2:7 na Mithali 17:22. Mafungu haya yanaonyesha uhusiano gani kati ya mwili na moyo wa mtu?

Mungu hakuiweka nafsi ndani ya mwili kama mpangaji ndani ya nyumba. Mavumbi na pumzi ya uhai vilipoungana, mtu mzima ndiye aliyekuwa nafsi. Waadventista wamezoea kulitumia fundisho hili wanapoeleza hali ya wafu. Lina maana kubwa pia kwa walio hai na wagonjwa. Kama mtu ni mmoja, basi hakuna maumivu ya mwili peke yake yasiyogusa moyo, wala huzuni ya moyo isiyogusa mwili. Sulemani aliliona hilo alipoihusisha roho iliyovunjika na mifupa.

Katika Vita ya Pili ya Dunia, daktari wa Marekani aitwaye Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya nchini Italia kama walihitaji dawa ya maumivu. Ni kama robo tu waliosema wanahitaji. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1946. Majeraha yalikuwa makubwa, lakini kwa askari jeraha lile lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai na kurudi kwao. Beecher aliona kwamba ukubwa wa jeraha haupimi ukubwa wa maumivu. Maana ambayo mtu analipa jeraha lake nayo inahesabiwa.

Mwaka 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza jambo hili kwa mfano wa lango. Katika uti wa mgongo, walisema, habari za hatari hukutana na kitu kama lango linaloweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi, na ubongo wenyewe hutuma amri za kulifungua au kulifunga. Sehemu kadhaa za maelezo yao zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo kuu limesimama. Hofu, upweke, hasira na kukosa usingizi huongeza maumivu. Utulivu, shughuli njema, kuguswa kwa upendo na tumaini huyapunguza. Kila mama analijua jambo hili bila kufundishwa: mtoto akianguka, humwinua, husugua goti lake na kumbembeleza, na kilio hupungua kabla dawa haijapatikana.

*Katika siku zako za maumivu, ni mambo gani yaliyoyaongeza, na ni yapi yaliyoyapunguza? Yaandike.*

JUMANNE
Aliyeumwa na Nyoka

Soma Ayubu 30:17 na Zaburi 38:3-11. Ayubu anasema nini kuhusu usiku wake? Daudi anasema marafiki zake wamesimama wapi?

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauna sumu, lakini mshtuko ni wa kweli: moyo unapiga mbio, miguu inaruka, jasho linatoka. Mtu huyo hajifanyi. Mwili wake umejifunza kuogopa.

Mfumo wa fahamu nao hujifunza. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba baada ya jeraha, chembe za fahamu katika uti wa mgongo zinaweza kuwa na wepesi wa kushtuka kupita kiasi, hata kwa mguso mdogo. Kwa kawaida wepesi huo hupungua jeraha linapopona. Kwa watu wengine haupungui. Jeraha limekwisha, lakini mlinzi anaendelea kupiga kelele usiku kucha. Kuinama kufagia, kubeba ndoo ndogo, au kukaa kwenye benchi saa moja kunapokelewa ubongoni kama hatari kubwa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya picha kutoonyesha kitu wakati mgonjwa anasema kweli anaposema anaumia.

Kisha hofu hukamilisha duara. Anayeogopa kuumia huacha kutembea. Anayeacha kutembea hudhoofika misuli. Misuli iliyodhoofika huuma upesi zaidi, na hofu huongezeka. Shughuli huachwa moja moja: kwanza shamba, kisha kwaya, kisha kanisa lenyewe.

Hata hivyo, hekima inahitajika. Si kila maumivu ya muda mrefu ni ya mlinzi aliyezidi kushtuka. Selimundu, saratani, ugonjwa wa baridi yabisi na maambukizi ya uti wa mgongo huumiza kwa sababu madhara yanaendelea mwilini, na lazima yatibiwe. Mtu mwenye maumivu pamoja na homa, kupungua uzito bila sababu, miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia au kupitisha haja, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, aende hospitali bila kuchelewa. Wala asiache dawa alizoandikiwa bila kuzungumza na daktari. Upande wa pili, vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila siku bila ushauri vinaweza kuharibu tumbo na figo.

*Kwa nini ni kosa kumwambia mtu "huna ugonjwa" kwa sababu tu vipimo havikuonyesha kitu? Ungemwambia nini badala yake?*

JUMATANO
Kusema na Nafsi

Soma Zaburi 42:5, 11 na 43:5, kisha Maombolezo 3:17-24. Watu hawa wawili wanafanya nini na mawazo yao?

Mtunga zaburi hakungoja huzuni iondoke ndipo aseme. Mara tatu anaiuliza nafsi yake swali lilelile na kuielekeza kwa Mungu. Mwandishi wa Maombolezo naye anaorodhesha uchungu wake wote bila kuficha, kisha katika aya ya 21 anachagua jambo la kukumbuka. Hali ya mji haijabadilika kati ya aya ya 20 na ya 21. Kilichobadilika ni mahali alipoweka akili yake.

Tiba ya fikra na tabia, inayotumika leo kwa watu wenye maumivu sugu, hufanya kazi karibu na njia hiyo. Mgonjwa hufundishwa kulitambua wazo linalokuja pamoja na maumivu. "Mgongo wangu umekwisha, nitaishia kitandani." Wazo hilo hupimwa: je, ni kweli? Kisha hujibiwa kwa neno la kweli, si kwa uongo wa kujifariji: "Mgongo unauma leo. Daktari amenipima, na kuuma huku si kuvunjika. Jana nilitembea mpaka kisimani." Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unaitaja tiba hii, pamoja na elimu na mazoezi, kati ya njia zinazofaa kupewa mgonjwa. Haiahidi kuondoa maumivu yote. Wengi huona yamepungua kiasi, na wanarudi kwenye shughuli walizoziacha.

Jambo la pili ni kipimo cha kazi. Mkulima mwenye maumivu akiamka siku moja amepata nafuu, hulima shamba zima ili kufidia siku zilizopotea. Kesho yake hawezi kuinuka, na hulala siku tatu. Afadhali alime dakika 15, apumzike kabla maumivu hayajamlazimisha, kisha aendelee. Na juma lijalo aongeze kidogo. Soma 1 Wafalme 19:4-8. Malaika hakumwanzishia Eliya safari ya siku 40 alipokuwa bado chini ya mretemu. Alimgusa, akampa chakula, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Safari ilikuja baadaye. Hata Sabato inafundisha hilo: huja jua linapozama, kazi iwe imekwisha au haijaisha.

Jambo la tatu ni kutuliza mwili. Kupumua polepole kwa dakika chache, kulegeza mabega na taya, na kulala kwa saa zilezile kila usiku humsaidia mlinzi kutulia. Hapa haihitajiki kuondoa mawazo yote akilini. Tafakari ya Zaburi 1:2 huijaza akili Neno la Mungu, na mgonjwa anaweza kupumua taratibu huku akirudia ahadi moja.

*Ni wazo gani linalokujia mara kwa mara unapoumia au unapochoka? Ni ahadi ipi ya Biblia inayolijibu kwa ukweli?*

ALHAMISI
Mwiba wa Paulo na Benchi Tupu

Soma 2 Wakorintho 12:7-10. Paulo aliomba mara ngapi? Alipata jibu gani?

Biblia haitaji mwiba wa Paulo ulikuwa nini, na huenda ni kwa faida ya kila mwenye mwiba wake. Linalojulikana ni kwamba aliomba kwa bidii, kwamba alijibiwa, na kwamba mwiba ulibaki. Mtu huyu kwa mikono yake wagonjwa wengi waliponywa. Kama kubaki na maumivu kungekuwa uthibitisho wa kukosa imani, basi Paulo angekuwa wa kwanza kuhukumiwa. Kristo hakumkemea. Alimpa neema ya kumtosha kwa siku, na kesho tena.

Wala neema hiyo haikumfanya Paulo adharau msaada. Soma Wakolosai 4:14 na 2 Timotheo 4:11. Tabibu Luka alikuwa karibu naye mpaka mwisho. Mgonjwa anayeomba, anayekwenda kliniki, na anayezungumza na mshauri wa saikolojia hajagawanya imani yake mara tatu. Anampokea Mungu yuleyule kwa milango mitatu.

Sasa soma Ayubu 2:11-13 na 42:7. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi naye chini bila kusema. Walikosea walipofungua vinywa kutafuta dhambi. Soma pia Yohana 9:1-3, ambapo Yesu anawakatalia wanafunzi wake hesabu hiyohiyo.

Upweke huongeza maumivu. Hilo lilionekana Jumatatu. Kwa hiyo kanisa linaloacha kumtembelea mgonjwa wa muda mrefu linamwongezea mzigo mwilini, si moyoni tu. Na kanisa linalomtembelea linashiriki katika matibabu. Katika Marko 5:25-34, Yesu alikuwa na haraka ya kwenda kwa Yairo. Hata hivyo alisimama katikati ya umati mpaka mwanamke aliyeteseka miaka 12 alipomaliza kueleza habari zake zote. Damu ilikuwa imekwisha kukoma. Bado Yesu aliona kwamba alihitaji kusikilizwa, na kuitwa binti.

Kusikiliza hakuhitaji diploma. Darasa linaweza kumwekea mgonjwa kiti chenye mahali pa kuegemea. Linaweza kumruhusu asimame au atembee wakati wa somo bila kutazamwa. Linaweza kumpa kazi anayoiweza, kama kupiga simu kwa wageni, badala ya kumwondolea kazi zote kwa huruma. Linaweza kumuuliza, "Juma hili umefanya nini?" mahali pa kumuuliza kila Sabato, "Bado unaumwa?" Swali la kwanza humrudisha kwenye maisha, na la pili humrudisha kwenye maumivu.

*Ni nani katika darasa lako ambaye hajaonekana kwa miezi kadhaa? Nani atakwenda kwake juma hili, na atakwenda kusema au kusikiliza?*

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen White alitenga sura nzima kwa habari za uhusiano wa akili na mwili. Wakati huo ilikuwa bado miaka 60 kabla ya Melzack na Wall kuandika kuhusu lango. Sura hiyo inaonya pia dhidi ya mtu mmoja kuitawala akili ya mwingine. Inafaa isomwe na viongozi wa Afya na Kiasi pamoja na wazee wa kanisa.

Somo la juma hili halimwahidi mgonjwa kwamba mwiba utaondoka akijifunza kupumua au kubadili mawazo. Linamwambia mambo matatu. Maumivu yake ni ya kweli. Ubongo uliojifunza kushtuka unaweza, kwa wengi, kufundishwa kutulia kidogo kidogo. Na Kristo, aliyejua maumivu ya mwili na ya kuachwa na rafiki usiku uleule, hasimami mbali naye. Soma Waebrania 4:15-16, kisha Ufunuo 21:4. Siku inakuja ambapo mlinzi hatakuwa na jambo la kuonya. Mpaka siku hiyo, kanisa ndilo lililotumwa kuketi na wale ambao usiku wao bado ni mrefu.

Maswali ya Kujadili

1. Katika eneo lenu, watu husema nini kuhusu mtu mwenye maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo? Ni maneno gani kati ya hayo yanayotoka kwenye Biblia, na ni yapi yanayotoka kwa rafiki za Ayubu?

2. Mgonjwa akiombewa na asipone, kanisa limwambie nini? Jibuni kwa kutumia 2 Wakorintho 12:7-10.

3. Linganisheni Zaburi 42 na njia ya kuyapima mawazo iliyoelezwa Jumatano. Zinafanana wapi? Mtunga zaburi ana nini ambacho njia hiyo peke yake haiwezi kumpa mtu?

4. Pangeni jambo moja ambalo darasa lenu litabadilisha kuanzia Sabato ijayo ili mwenye maumivu aweze kukaa nanyi mpaka mwisho wa somo. Mwandike nani atalisimamia.